Njuga za Bi Tangamu

Wallahi, billahi, tallahi! Habari hii haina chumvi, haina pilipili, haina hata ndimu. Nimekata tiketi kwenye kivuko cha Ndundu tangu ndevu zangu nyeusi mpaka lilipokuja daraja likanistaafisha, na kazi ile inamfundisha mtu kumtazama abiria usoni akajua nani ana nauli na nani anajifanya amelala. Habari ya yule kiboko aliyevuka bure tuiache, hiyo ni siku nyingine. Leo nasema kweli. Na kwa kuwa hapa mtaani wapo wanaoniita Mzee Abbasi Kamba, naweka ahadi: nikishikwa na uongo katika maneno haya, hata wa ukubwa wa punje ya mtama, yule niliyemzulia nitamvisha doti ya kanga mpya isiyoguswa na maji, hapa hapa barazani kwangu, watu wanaona.

Habari yenyewe ni ya Semeni, mke wa Mshamu, jirani yangu ukuta kwa ukuta.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Kibiti yalijaa ghafla sabuni za kila rangi, na wakati huo huo mifuko ya watu ikabaki mitupu. Ushirika wa pamba ulimpunguza Mshamu kazini na kumpa mkono wa kwaheri. Kutwa alikuwa kibarazani na redio isiyokuwa na betri, ameishika kama mtu anayesubiri itubu. Mkewe ndiye aliyekuwa akilima bondeni, akitwanga, akiuza vitumbua. Na watu walikuwa wakimcheka Semeni. Walimwita Mhindi wa Dunguni.

Jina hilo lilianzia utotoni. Mpunga wa bonde la Rufiji ukianza kukomaa, ndege wanashuka kama wingu, na mtu hana budi kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu, awafukuze toka alfajiri mpaka jua kuzama. Bi Sihaba, mama yake Semeni, shamba lake lilipakana na la mwanamke mmoja wa Kihindi, mjane wa fundi wa mashine ya kuchambulia pamba. Jina lake lilikuwa Thangam, sisi tukamwita Bi Tangamu akaitika. Kindengereko alikisema kuliko mimi. Wengine walifukuza ndege kwa madebe. Yeye alifunga miguuni njuga za shaba, safu juu ya safu, akasimama kwenye sakafu ya magogo ya dungu lake na kuikanyaga. Ndege walikuwa wakiondoka hapo hawatui mpaka Mafia.

Semeni, binti mdogo juu ya dungu la mama yake, akawa anaifuatisha ile miguu. Bi Tangamu akamwona. Kwanza akacheka, halafu akajifuta macho kwa upindo wa sari, halafu akamwita. Tangu siku hiyo, msimu hata msimu, alimfundisha: miguu kwanza, kisha mikono, kisha shingo, kisha macho. Ndege wa watu wengine wakawa wananenepa, wa kwao wanakonda.

"Ngoma hii ni ya nani?" Semeni aliwahi kumuuliza.

"Ya mama zangu," akasema Bi Tangamu. "Kwetu, wanawake wa ukoo wetu waliozwa mungu wa hekaluni. Mume asiyekufa. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa mjane, na harusi ya mtu haikuwa na baraka mpaka mmoja wao aitie mkono. Wakaja waliosoma, wakasema ngoma ile uchafu, na wanawake wale wachafu. Ikapigwa marufuku. Bibi yangu akavua njuga akazizika kwenye mtungi wa mchele."

"Basi ikafa."

"Ingekufa ningeshukuru. Mabinti wa hao hao waliosoma waliiokota. Wakaifua, wakaianika, wakaipa jina jipya, wakaivaa. Ikawa ngoma ya heshima, ina ukumbi, ina mgeni rasmi. Mama yangu alikwenda kutazama. Akaambiwa kiti hamna."

"Hawakumtaja somo wao, aliyewafunda?"

"Nani amtaje mtu anayemwonea haya?"

Bi Tangamu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alimwita Semeni, akamfunga zile njuga kwa mikono yake mwenyewe. Hakumwachia kingine. Njuga moja ya mguu wa kushoto ilikuwa bubu, iliwahi kuanguka toka dunguni ikapasuka. Anayezijua alizitambua kwa hilo: zikilia, kuna mahali pana pengo, kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka jino.

*

Gari jeupe la vioo vyeusi lilisimama mbele ya nyumba ya Mshamu, kuku wote wakakimbilia kwangu. Akashuka mwanamke wa Kihindi, mtu wa makamo, amevaa viatu visivyojua mchanga. Nyuma yake karani wake, Haruni, kijana wa mjini anayetafuna bazoka.

Mwanamke yule aliitwa Bibi Hansa. Mumewe alikuwa akiingiza mitumba kwa meli huko Dar es Salaam. Yeye alikuwa na chama cha wanawake wenzake wanaoifufua ngoma ya wazee wao. Walikuwa nayo kwenye kanda za video, lakini kanda haimsahihishi mtu. Alisikia kwa wazee kwamba aliwahi kuishi Kibiti mjane mmoja, mjukuu wa wale wenyewe wa hekaluni.

"Amekwisha kufa," akasema jirani yetu Ashura, ambaye hakuna gari linalosimama asilifikie wa kwanza. "Lakini kaacha mrithi. Yule pale anatwanga. Mhindi wetu mweusi."

Watu wakacheka. Semeni akaweka mchi chini.

"Unajua hatua moja, mbili?" Bibi Hansa aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

Semeni alijifunga kanga kiunoni, mikono ina unga mpaka viwikoni, akaanza. Bila njuga, bila ngoma, kwenye vumbi la uani. Nilikuwepo. Mimi nimeona mto ukifurika, nimeona mamba akimpigia saluti bwana shamba, lakini sijaona vile. Unga ulikuwa ukipukutika kwenye vidole vyake kama moshi wa ubani. Haruni aliacha kutafuna.

Alipomaliza, Bibi Hansa alikuwa analia. Akavua viatu. Akaja mpaka mbele ya Semeni, akainama, akaishika miguu yake kwa mikono miwili, kisha akaipeleka mikono kichwani.

Hapo ndipo ulipoanzia mkosi wote. Kwao, nasikia, mtu hushika miguu ya mkubwa kama sisi tunavyosema shikamoo. Anasimama anakwenda zake. Kwetu, anayemshika mwanamke miguu hivyo mbele za watu ni mwali mbele ya somo wake, na kinachofuata hakivunjwi mpaka kaburini.

"Nifundishe, dada," akasema Bibi Hansa. "Sema unataka kiasi gani."

"Mwali halipi," Bi Sihaba akajibu kutoka ndani, kabla mwanawe hajafungua mdomo. "Kumdai mwali kabla hajatoka ni aibu. Siku ya kutoka, mwali anamtaja somo wake mbele ya watu, kwa jina lake na la mama yake, na anamvisha doti. Baada ya hapo ndipo anacheza."

"Sisi pia tunayo siku hiyo!" Bibi Hansa akapiga kofi kwa furaha. "Mwanafunzi anapanda jukwaani mara ya kwanza. Nitamtaja, mama. Nitamvisha hariri."

"Hariri si lazima," akasema Semeni. "Kunitaja ndiyo lazima."

"Nitakutaja."

*

Kiangazi chote lile gari lilikuwa likija. Bibi Hansa alivua viatu, akaingia uani, na Semeni alimfundisha kama alivyofundishwa, bila huruma. Akikosea mguu, anarudi mwanzo. Akinyoosha kidole vibaya, anapigwa kijiti. Nyayo zilimtoka malengelenge. Semeni akazikanda kwa maji ya chumvi, akamwambia, "Vumilia, mwali. Mimi nilijifunzia juu ya magogo."

Bibi Hansa naye alivumilia, hilo nampa. Alikula vitumbua vya pale, akalala mkekani adhuhuri, akamwita Bi Sihaba mama. Siku moja alimsuka Semeni nywele.

Ashura alikuwa akipita kwenye ua kila asubuhi kwa kisingizio cha moto. "Somo wa Wahindi, utavishwa hariri au gunia?"

"Utaona, Ashura."

"Nitaona wapi? Mimi nitaalikwa?"

"Utaalikwa. Utakaa mbele. Utasikia jina langu kwenye maikrofoni na jina la mama yangu, halafu urudi Kibiti uwasimulie hao wanaocheka."

Msione ni jambo dogo. Mwanamke aliyechekwa tangu utoto kwa kitu anachokijua kuliko watu wote, akapewa nafasi kitu hicho kitajwe mbele za watu pamoja na jina lake, hiyo kwake ni kama hati ya nyumba.

Mshamu wakati huo alikuwa amepata rafiki, yule Haruni. Walikuwa wakikaa kando ya gari, kwenye kivuli chake, wakinong'ona.

"Shemeji, siku hizi mtu hasubiri pamba," Haruni alimwambia. "Nchi imefunguka. Robota moja tu la mitumba, unatundika pale stendi, kesho una banda."

"Robota nitalitoa wapi?"

"Mzee ana maghala. Bibi akitaja neno tu... Lakini na wewe uwe mtu wa kusaidiwa, uwe na wewe unasaidia."

Sasa msiniulize ya chumbani nimeyajuaje. Nyumba zetu zimeegemeana, na ukuta wa udongo una masikio, tena masikio yenyewe yangu.

"Mama Zaidi," Mshamu alisema usiku huo, "zile njuga, mgeni wako anaziulizia."

"Siku ikifika nitamfunga. Kwa mkono huu."

"Anataka azizoee. Anasema za kwake nyepesi, hazina sauti ya kikale."

"Mwali hafungwi kabla ya siku yake. Kwani yeye kakutuma?"

"Hajanituma. Nauliza tu."

"Basi usiulize. Bi Tangamu hakunipa zile ziazimwe kama kinu."

Mshamu akageukia ukutani. Upande wangu nikasikia pumzi yake kwenye sikio langu.

Haukupita muda robota likaja, limebanwa kwa mikanda ya chuma, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Mshamu akasema ni ukarimu wa shemeji tu. Semeni alifurahi kuliko yeye. Alilipigapiga lile robota kwa kiganja akasema, "Unaona, Baba Zaidi? Watu wanasema Wahindi hawana shukrani. Mwali hajatoka bado, na tayari kamkumbuka mume wa somo wake."

Mshamu alikwenda nje kukojoa, akakaa huko mpaka nikadhani ameliwa na fisi.

*

Siku ilipokaribia, tulipanda lori la mkaa: Semeni, Bi Sihaba, Mshamu, Ashura na mimi, maana somo haendi kwenye kutoka kwa mwali bila watu wake. Semeni na mama yake walikuwa na kanga mpya za sare. Bi Sihaba alibeba mchele wa kumtuza mwali na kuku mweupe. Njuga zilikuwa kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, limefungwa kitambaa, na Mshamu alilishika yeye. "Zito hili, acha nikubebee," alimwambia mkewe. Barabara ilikuwa ile ya zamani. Pale Bungu tulikwama kwenye tope muda mrefu hata mahindi yaliyomwagika toka gunia la mtu yakaota, tukala mabichi, tukaendelea na safari. Kila lori liliporuka, lile kopo lilikuwa linalia, na kila lilipolia Semeni alitabasamu.

Ukumbi ulikuwa na taa kama meli. Mlangoni palikuwa na askari wa kampuni, na watu wanaingia wakimwonyesha kadi.

"Kadi?" akasema askari.

"Mimi ni somo wake," akasema Semeni.

"Somo ndiyo nani?"

"Anayecheza leo. Mimi ndiye somo wake. Hawezi kuanza kabla sijamfunga njuga."

Askari akamtazama, akamtazama kuku. "Mama, wapishi wanapita nyuma."

Ashura akakohoa. Nilimkanyaga mguu.

Haruni akatokea mbio, amevaa tai, jasho linamtiririka. "Dada, dada, karibuni. Ila pitieni huku. Mbele pamejaa, kiti hamna."

Semeni alisimama. Nilimwona akirudia yale maneno mawili, kiti hamna, bila sauti, midomo tu. Halafu akamfuata.

Tukaingia jikoni. Masufuria ya biriani, mvuke, wapishi wanapigiana kelele. Wakatupangia makreti ya soda tukakaa juu yake karibu na mlango wa kuingilia jukwaani. Kwenye mwanya wa pazia ukumbi ulionekana kipande. Bi Sihaba alimweka kuku magotini, akamfunika macho kwa kanga ili asipate hofu.

Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka Bibi Hansa. Dhahabu kichwani, dhahabu kiunoni, macho yamechorwa mpaka karibu na masikio. Alipotuona akasita.

"Dada Semeni! Mmekula?"

"Tumekuja kukutoa, mwali," Semeni akasema, na akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Mshamu, lete. Kaa chini, mwali, nikufunge."

Bibi Hansa hakukaa. Alirudi hatua moja, na hatua ile ikalia. Ikalia safu juu ya safu, na mahali fulani mguu wa kushoto pana pengo.

Semeni akamgeukia mumewe.

"Mshamu. Kopo lina nini?"

"Njuga," akasema Mshamu.

"Na hizo zinazolia?"

Mshamu akatazama viatu vyake. Semeni akalichukua kopo, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na vifuniko vya soda. Vya aina zote, vimekusanywa kwa subira, mtu alikuwa akivijaribu mpaka vikapata mlio unaofanana.

"Shemeji aliniambia umekubali," Bibi Hansa akasema haraka.

"Na kunitaja? Nalo alikwambia nimekubali usinitaje?"

"Dada, nielewe. Baba mkwe wangu yuko mle ndani. Wazee wote wa jumuiya wako mle. Nikisema nimejifunza kwa..." Akatafuta neno, hakulipata lililo zuri. "Watasema siyo yenyewe. Nitakuja Kibiti tuzungumze. Kuleni, tafadhali. Haruni, wape chakula."

Akaingia jukwaani. Kwenye maikrofoni mtu akasema kwa Kihindi, akasema kwa Kiingereza, na kwa heshima ya mgeni rasmi akasema na kwa Kiswahili: ngoma iliyokuwa karibu kufa, imefufuliwa leo na Bibi Hansa, aliyeirithi kwa bibi yake mzaa mama. Makofi yakatikisa masufuria.

Sasa sikilizeni! Semeni aliinuka kwenye lile kreti. Akalirarua pazia. Akapanda jukwaani na kanga zake za sare, akasimama mbele ya mgeni rasmi na wazee wote wa jumuiya, akakanyaga ubao mara moja tu, kanyago la dunguni. Na njuga zilizokuwa miguuni mwa Bibi Hansa zikamtambua mwenyewe. Zikakatika uzi, zote, na yule bubu wao, zikabiringika jukwaani zikilia, zikamkimbilia Semeni kama vifaranga kwa mama yao! Na ukumbi mzima ukasimama, na mgeni rasmi akauliza kwa sauti, "Mwanamke huyu ni nani?" na...

*

"Mzee Abbasi."

Nilikuwa nikiwasomea wenzangu hayo barazani kwangu, miwani puani, karatasi magotini, kahawa inazunguka. Sauti ilitoka nyuma ya ua. Semeni alikuwa anatoka mashineni, ndoo ya unga kichwani.

"Hayo ya njuga kunikimbilia kama vifaranga," akasema, "nani kayaona?"

"Mwanangu, Semeni..."

"Uliyaona wewe?"

Wazee wakaanza kucheka. Muhidini, ambaye alikuwa hajapata kunishika kwa miaka mingi, aliinuka kabisa kwenye mkeka. "Kashikwa! Leo kashikwa!"

"Mahindi ya Bungu nayo ni ya uongo," mmoja akasema.

"Na habari ya makoti pia!" akasema mwingine, maana niliwahi kuwasimulia kwamba robota la Mshamu lilipofunguliwa lilikuwa na makoti tu ya baridi ya Ulaya, mazito, yenye manyoya shingoni, na hakuna aliyenunua hata moja katika joto la Kibiti, mwisho Mshamu akayapeleka bondeni yasimamishwe kwenye mipunga kutishia ndege, na ndege wakatagia mifukoni.

"Hayo ya makoti ni kweli," akasema Semeni. "Niliyasimamisha mwenyewe."

Aliishusha ndoo akaiweka kwenye ukingo wa baraza.

"Sikupanda jukwaani," akasema. "Nilikaa pale pale kwenye kreti. Haruni akaleta biriani kwenye sahani za karatasi. Nilikula."

"Ulikula?" Muhidini akauliza.

"Nilikuwa na njaa. Tulikuwa njiani tangu jana yake. Mama alikataa, mimi nikala na ya kwake. Nikawa natazama kwenye mwanya wa pazia. Alipofika kwenye ile hatua ya kugeuka, mguu wa kushoto alichelewa, nikamwambia mama, amekosea. Halafu akairekebisha mwenyewe, vile nilivyomfundisha. Akamaliza. Watu wakapiga makofi." Alijipangusa unga kwenye mkono. "Na mimi nikapiga. Mikono ina mafuta ya biriani, napiga makofi. Alikuwa anacheza vizuri. Nifanye nini, alikuwa mwanafunzi wangu."

Ng'ambo ya njia Mshamu alikuwa kwenye banda la mitumba alilokuja kulipata baadaye, anakunja na kukunjua shati moja. Tangu siku ile ya ukumbini anaishi nyumba moja na mkewe, anapikiwa, anafuliwa. Lile kopo la vifuniko liko juu ya kabati lao. Hakuna aliyewahi kuliondoa, na nimesikia kwa masikio yangu yale ya ukutani: halijatajwa.

"Alikuja tena Kibiti?" mmoja akauliza.

"Gari lilipita," akasema Semeni. "Lilikuwa linakwenda Lindi."

Nikavua miwani. Mtu akiweka ahadi mbele za watu, hata kama ni mtu kama mimi, kuna siku moja anailipa. Niliingia ndani. Doti ilikuwa sandukuni, nilimnunulia mke wangu kwa sikukuu, haijakatwa katikati, bado ina wanga wa dukani. Nikatoka nayo. Wazee wakaanza kupiga vigelegele vya mzaha kama wanawake, Ashura akaja mbio na mwiko mkononi kuona kuna nini.

"Semeni binti Sihaba," nikasema, kwa sauti ili ifike mpaka ng'ambo ya njia, "nimekuzulia mbele za watu. Nakuvisha mbele za watu."

Nikamtandazia mabegani. Ashura akasahau kucheka, akapiga kigelegele cha kweli, na Muhidini akasema allahu akbar. Ng'ambo, Mshamu aliacha shati.

Semeni akaishika ncha ya ile kanga, akapima kitambaa chake kwa vidole, kama mnunuzi. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya unga, akajitwisha ndoo.

"Ahsante, mzee wangu," akasema. "Hii nimepokea. Ni ya uongo wako. Ile ya ukweli bado naingoja."